Sarafu ya Mugeta na Ushahidi wa Mtani

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye hasa anayehitaji kujua saa. Naipenda. Imetundikwa hapa nyumbani Nyasho, juu ya kabati la vyombo. Baada ya hotuba mmoja wenu aliniomba niwaandikie mambo ya kazi, maana mnarithi chumba kizima cha vitu pamoja na makasha ya kadi zenye mwandiko wangu, na nasikia mwandiko wenyewe mnausoma kwa kubahatisha. Basi naandika. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Ya kwanza yalichelewa, ya pili yaliisha.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru, wakati kila ofisi ilikuwa na kiti kimoja cha Mwingereza aliyeondoka na watu kadhaa waliokigombea. Kwetu hakukuwa na cha kugombea. Tulipewa chumba nyuma ya boma la Musoma, zamani ghala la chumvi, na kuta zake ziliendelea kutoa chumvi mpaka mikuki ikaota kutu ikiwa imelala. Humo tulitakiwa kukusanya na kuandika vitu vya kale vya mkoa mzima. Tulikuwa wawili, mimi na Mzee Kaijage, mwalimu wa zamani kutoka Bukoba, mrefu, shati jeupe siku zote, mtu aliyeamini kwamba ziwa lina upande mmoja tu wa maana na si huu wetu.

Siku ya kwanza aliniwekea mezani sarafu ya kikoloni. "Hii nini, binti?"

"Shilingi, mzee."

"Umetaja bei. Hujataja kitu."

Tukashinda asubuhi nzima juu ya shilingi moja. Upande huu kichwa cha mfalme ambaye hakuwahi kuukanyaga mkoa wetu, upande ule simba, ambaye aliukanyaga sana. Nani kaitengeneza, wapi, mwaka gani, maandishi yanasemaje, tundu hili ni la kiwandani au la mtu. Mwisho akanionyesha sehemu ya chini ya kadi, palipoandikwa *chanzo*. "Maswali yetu ni mawili tu," alisema. "Hiki ni nini, na kimetoka wapi. La kwanza mwenye kitabu atakujibu hata baada ya miaka mia. La pili linajibiwa na watu, na watu wanakufa. Kwa hiyo anza na la pili." Nilidhani ni maneno ya mwalimu anayependa kusikika. Nimeyafuata mpaka nimestaafu.

Vifaa vyetu vingewachekesha. Lenzi tulinunua kwa fundi saa. Mizani ilikuwa ya kupimia dawa, tuliiazima hospitali na kuirudisha kila wagonjwa walipoanza kulalamika. Kunakili sura ya sarafu tulitumia karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara: unaifunika sarafu, unasugua taratibu kwa ncha ya penseli iliyoviringwa, picha na herufi zote zinainuka. Kwa kuwa sote wawili hatukuvuta, kazi ya kuzoa pakiti tupu kwenye baa za mjini ilikuwa yangu, na sifa yangu mtaani ilipata tabu kidogo. Mama yangu aliulizwa kanisani kama binti yake bado ameajiriwa.

Jambo ambalo hatukulifanya kamwe ni kusafisha. Mama mmoja wa Bunda alituletea hela ya Wajerumani, ile hasa iliyotuachia neno hela, akiwa ameisugua kwa majivu na ndimu usiku kucha ili asituaibishe. Iling'aa kama kijiko kipya na haikuwa na herufi hata moja. Mzee Kaijage aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, kisha akatoka nje kupunga hewa. Butiama nako nilionyeshwa kigoda alichokalia chifu mmoja wa zamani, na nyumba ya pili nikaonyeshwa kigoda kilekile, na ya tatu pia. Niliviandika vyote, pamoja na jina la kila aliyeniapia. Chifu huyo, nadhani, alikuwa mtu wa kuchoka haraka.

Ikaja miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Tuliyafuata malori, kwa sababu nyumba ikibomolewa hutoa vitu ambavyo hata wenyewe wamevisahau. Ndivyo tulivyofika Mugeta, kwenye mji wa mjane mmoja aitwaye Mama Nyangi. Nyumba yake ilikuwa bado imesimama, ila mlango ulikwisha kung'olewa. Nikawa napima jiwe lake la kusagia, naye akainama kunisaidia kulishika, na shingoni kwake, kwenye kamba ya ngozi, nikaona sarafu nene, nyeusi nyeusi, isiyo duara sawasawa. Nilimwita Mzee Kaijage. Alichuchumaa akaitazama ikiwa bado shingoni kwa mama wa watu, lenzi jichoni, mpaka mama akauliza kama mzee huyu amekuja kuhesabu vitu au kuposa.

"Mume wangu Wambura ndiye alikujaga nayo," alitueleza. "Alitoka nayo Misri, kwenye vita kuu. Karatasi zake za jeshi ziliungua na nyumba ya kwanza. Hiyo ndiyo imebaki. Watu hapa wanasemaga hakufikaga popote, eti alimenyaga viazi Nairobi mpaka vita ikaisha. Amekufa wanasema hivyo hivyo."

Alisema bila kulia, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi mbele ya watu wanaotabasamu. Mzee Kaijage alimwomba atuazime sarafu tukaichunguze Musoma. Mama alifikiri sana. "Mtaitazama, mtanirudishia," alisema. "Ndiye shahidi wake huyo. Hana mwingine." Akaivua.

Mama Nyangi alipokwenda kisimani, Mzee Kaijage akageukia pembeni, alipoketi jirani aliyekuwa akitutazama tangu tulipofika. Huyu alikuwa Mzee Masatu, mwenye koti la jeshi lililochakaa ambalo alilivaa hata juani. Kijiji kizima kilijua kwamba yeye vitani alikwenda. Mimi nilikuwa bado na jiwe langu, sikuyasikia mazungumzo, ila niliwaona: Masatu uso mkavu, mwalimu wangu akiandika mbio na shingo ikizidi kurefuka.

Ndani ya gari alinisomea. Sarafu ilitoka kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya Mama Nyangi, walipokuwa wakichimba udongo wa kukandika kuta. Masatu aliiona kwa macho yake. Wambura, alisema, Misri angeifikaje, mtu ambaye aliogopaga hata daraja.

"Unaelewa maana yake?" Mzee Kaijage aliniuliza. Nilielewa maana mbili. Ya kwanza, kilichochimbuka ardhini ni mali ya serikali, na mama yule asingeivaa tena. Ya pili, Wambura alikuwa mwongo. Yeye alikuwa na maana ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Maana sarafu yenyewe ilikuwa jambo kubwa kweli. Maandishi yake hatukuyajua, tukampelekea padri mmoja mzee wa misheni, aliyesoma Kigiriki cha Maandiko na hakuwa amepata wa kumwonyesha tangu aje Mara. Alifurahi mpaka akatupa mikate. Alisema ni Kigiriki, lakini kichwa ni cha Kaisari wa Roma. Warumi walipotawala Misri waliwaachia watu wa huko watengeneze sarafu zao wenyewe, katika mji wa Aleksandria: usoni mtawala wa mbali, mgongoni mambo ya nyumbani. Nikasema, kumbe kama shilingi yetu ya mfalme na simba. Padri akacheka, akasema Warumi wangekasirika lakini ndivyo. Sarafu za namna hii wataalamu huziita za majimbo, na huzipa majina kwa kufuata mtawala, mji, picha ya nyuma, na alama ya mwaka wa utawala.

Mtawala ndipo tulipokwama. Aliyeitoboa sarafu ipitishwe kamba aliweka tundu katikati ya jina lenyewe. Ilibaki "Kaisari" na mkia wa herufi mbili. Wenye majina yanayoishia hivyo ni wengi, alisema padri, na wote walikuwa na pua kubwa. Nyuma kulikuwa na mzee wa ndevu, mungu wa mji ule, amebeba pishi ya nafaka kichwani. Nilipowaonyesha majirani zangu wanaume karatasi ya fedha, walimsikitikia sana. Mwanaume mzima na ndevu zake, kubeba pishi kichwani, mke wake yuko wapi?

Basi jibu la swali la kwanza tulikuwa nalo kwa sehemu kubwa, na jibu la pili Mzee Kaijage aliamini analo. Warumi, au watu waliofanya nao biashara, walipita Mugeta. Muielewe miaka ile. Tulikuwa tumeambiwa tangu shule kwamba historia yetu ilianza siku mzungu alipotuona. Sasa kichuguu cha Mugeta kilikuwa kimetema sarafu kongwe kuliko misheni zote za mkoa. Nilimshauri tuitazame sarafu tena kama ina udongo wa kichuguu kwenye herufi. Haikuwa nao, lakini sarafu iliyokaa miaka shingoni mwa mtu, ikipakwa samli, isingebaki na udongo kwa vyovyote. Lenzi haikutusaidia chochote. Mzee akaandika *Sarafu ya Mugeta, chanzo kichuguu, mtoa habari jirani*. Akapanga kuipeleka Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba, ambako ingebaki, na kwa fedha yake mwenyewe akamwagiza mchoraji wa hapa Nyasho kibao cha kusimamishwa kijijini: HAPA WALIFIKA WARUMI. Mchoraji alimuuliza kama hao Warumi wanauza nini, ili achore na bidhaa.

Kosa lake la pili lilikuwa kumpelekea mwenyekiti wa kijiji habari kwamba kichuguu kile kilindwe. Kijiji kikielezwa kwamba kitu kilindwe, kinajua mara moja kwamba kina thamani. Wiki iliyofuata Mama Nyangi aliingia ofisini kwetu, kanga kiunoni, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Hiyo nitaipokea baadaye. Kichuguu changu kimeisha! Wamekichimba mpaka chini kabisa. Miaka yote mimi nakulaga kumbikumbi pale, watoto wangu wamekulia pale, sasa ni shimo la kutumbukiza ng'ombe. Nani aliwaambia sarafu ya Wambura ilitoka kwenye kichuguu?"

Mzee Kaijage alisimama, akavaa sauti yake ya darasani. "Mama, tuna ushahidi. Jirani yako, Mzee Masatu, aliiona ikitoka."

Mama Nyangi alikaa. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Masatu," alisema. "Ukoo wa Masatu na ukoo wa mume wangu ni watani. Watani kabisa! Siku ya msiba huyo Masatu alilala kwenye kaburi akasema halitoshi, tukamhonga ndipo akatoka. Mliwahi kusikia mtani akamsemea mtani wake vizuri? Mlimpa nini?"

"Hatukumpa kitu."

"Mkamsikiliza bure?" Alinigeukia. "Na wewe, mwanangu, si wa hapa hapa? Na wewe hukuuliza?"

Ndiyo maana kadi zenu, ambazo mmezikuta zimepigwa chapa hivyo na pengine mnadhani ni mzaha, zina mstari usemao *uhusiano wa mtoa habari na mwenye kitu*. Ukweli wa jirani, wa shemeji, wa mke mwenza na wa mtani ni vitu vinne tofauti, na vyote huandikwa kwa wino uleule. Bukoba nako watani wapo, Mzee Kaijage alilijua hilo tangu utoto. Alikuwa tu hajataka kuuliza swali ambalo lingemwondolea Warumi wake. Nilimhurumia kuliko nilivyomcheka, na nilimcheka.

Tukarudi Mugeta sote watatu. Njiani Mzee Kaijage alisema jambo moja tu, tulipofika Bunda: kwamba gari linahitaji maji. Mama Nyangi alikuwa na jogoo miguuni. Kwao mtani akishapewa kitu chake, akakipokea mbele ya watu, utani unawekwa kando, na analosema hapo ni kiapo. Watu walikusanyika haraka, maana jogoo wa namna hiyo hatolewi kila siku. Mama alimweka jogoo mkononi mwa Masatu bila salamu.

"Sema sasa," alimwambia.

Masatu alianza kwa kucheka kidogo, kwa mazoea. Akamtazama jogoo, akamtazama mama, kicheko kikamwishia.

"Wambura alienda," alisema. "Tulienda wote. Meli moja, kambi moja. Pale Aleksandria mimi niliugua tumbo, ile ya damu. Sikuweza hata kusimama. Nilijichafua, mtu mzima, mbele ya wenzangu. Wambura alinibeba mgongoni kutoka kambini mpaka kwa daktari, akanifulia na suruali, hakumwambia mtu. Nilipopona tulikwenda sokoni. Alinunua hiyo kwa mzee mmoja wa pale kwa sigara zake. Akasema nitoboleeni, nimpelekee mwanamke wangu. Yule mzee akapiga msumari bila kutazama. Mimi ndiye niliishika wakati anapiga."

Mama Nyangi hakusogea. "Hilo la kukubeba hakuniambiaga."

"Asingekuambia. Mama, nilipoanza kusema alimenyaga viazi, nilitegemea anirudishie. Utani ni wa watu wawili. Nilijua atasema, na wewe je, nani alikufulia suruali? Watu wacheke, yaishe. Nikamtupia na kesho yake, na mwaka mwingine. Alikuwa anacheka tu. Angenijibu, ningeumbuka. Kwa hiyo hakunijibu. Watoto waliozaliwa nyuma wakasikia upande mmoja tu, wakaamini." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Hata siku ya msiba nililala kwenye kaburi lake nikamtupia la mwisho. Nilidhani labda leo."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nalia, nasema wazi, na penseli mkononi.

Mzee Kaijage alivua miwani, akaifuta kwa shati lile jeupe. "Warumi wangu wameondoka," aliniambia taratibu. Kisha akatoa mfukoni kadi aliyoiandika, akaipasua, akanipa mpya, ambayo alikuwa ameibeba tangu Musoma. Kumbe alikuja akijua. "Andika wewe. Mimi mkono wangu una haraka."

Niliandika nimepiga goti, kadi juu ya jiwe lile lile la kusagia. Nilipomaliza, Mama Nyangi alisema isomwe kwa sauti, wote wasikie. Nikasimama.

"Sarafu ya jimbo la Warumi la Misri. Imetengenezwa Aleksandria. Mbele, kichwa cha Kaisari, jina limetobolewa. Nyuma, mungu wa mji, mwenye ndevu, pishi kichwani. Chanzo: Wambura Magesa wa Mugeta, askari, aliipata Aleksandria wakati wa vita. Mtoa habari: Masatu, askari mwenzake na mtani wake, utani ukiwa umewekwa kando. Mwenye sarafu: mjane wa Wambura. Imerudishwa kwake."

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena yote, Kaisari na pishi yake.

"Hapana, huyo mwache. Soma pale pa mume wangu."

"Wambura Magesa wa Mugeta, askari, aliipata Aleksandria wakati wa vita."

Aliichukua mkononi mwangu sarafu tuliyorudi nayo kutoka Musoma, akaipitisha kichwani, akaitengeneza ikae vizuri kifuani. Kisha akawageukia majirani, wakubwa kwa wadogo, waliokuwa wamezunguka shimo la kichuguu chake.

"Mmesikia?"

Watu walitazamana. Aliyejibu wa kwanza ni Masatu, jogoo kwapani, akiwa amesimama wima ndani ya lile koti.

"Tumesikia, mama," alisema, na hakuongeza neno.